Ukitaka Kwenda Majuu Kama Nesi, Tarehe ya Mtihani wa Kiingereza Ichague Wewe, Si Ajenti

Mwisho wa 2021 kuna namba ilichoma hii nchi vibaya: 10 kati ya 300. Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, ndiye aliitoa. Serikali ilikuwa imepeleka majina ya wauguzi 300 waende kuchapa kazi Uingereza, na kati yao ni 10 pekee waliopita mtihani wa Kiingereza. Mtandao ukawaka moto. Wasee wakauliza, enyewe, hawa si wamesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza? Si hata mgonjwa wakimwandikia ripoti wanaandika kwa Kiingereza?

Kicheko kiliisha, lakini mtihani bado uko. Na sai wanaoufanya ni wengi, juu kila hosi ya kaunti, kila wodi, kuna mtu anasoma usiku akingoja drip ya mgonjwa iishe. Swali lenye huulizwa sana ni "unapita aje?" Lenye halijaulizwa vya kutosha ni "unafanya lini?" Na mimi nakwambia hilo la pili ndilo limekula doh ya watu wengi zaidi.

Tucheki kalenda ya ule mwaka kwanza. Julai 2021 Uhuru Kenyatta yuko London, Kenya na Uingereza zinaweka sahihi mkataba wa wafanyakazi wa afya. Kabla mwaka uishe, majina 300 yashapelekwa na mtihani ushawachuja. Novemba hiyo hiyo, Uingereza ikaweka Kenya kwa ile orodha yao ya rangi ya amber, yaani hospitali zao haziwezi kuja kuchukua manesi huku hivi hivi, lazima ipitie mpango wa serikali kwa serikali. Kundi la kwanza la wauguzi 19 liliondoka Juni 2022.

Hesabu hapo. Kutoka sahihi hadi ndege ni karibu mwaka mzima. Kutoka sahihi hadi mtihani ni miezi michache. Ndege ilikuja polepole, mtihani ukaja mbio. Sisemi ndiyo sababu pekee watu 290 waliangukia hapo. Nasema hivi: mtu akipewa tarehe ya haraka ya mtihani asioujua, hata akiwa anaongea Kiingereza kama mtangazaji wa habari, atachomeka tu.

KNEC ilituzoesha vibaya

Fikiria mitihani yote umefanya maishani. KCPE, tarehe ulipewa. KCSE, Novemba ikifika imefika, uko tayari hauko tayari. Chuo, ratiba inabandikwa kwa ukuta. Hata ule wa baraza la wauguzi wa kupata leseni, wao ndio wanasema ni lini. Hakuna mahali Mkenya amewahi kuulizwa, "Wewe unaonaje, tufanye Machi ama Agosti?"

Halafu siku moja unaingia kwa mtandao kubuku IELTS ama OET, na kalenda nzima iko wazi. Chagua. Huu ndio mtihani wa kwanza wenye tarehe yake iko kwa mkono wako. Na juu hatujazoea, tunafanya venye tumefanya siku zote: tunangoja mtu atupatie tarehe. Ajenti anasema "fanya mwezi huu," tunafanya. Rafiki amebuku, tunabuku naye. Pesa ya chama imeingia Ijumaa, Jumatatu ishalipwa.

Mimi si nesi, na chuo nilitokea katikati. Lakini kuhesabu miezi haihitaji digrii, na hapa hesabu ndiyo kila kitu.

Mtihani wenyewe uko hivi

Kwa wale hawajui, NMC, ile bodi ya Uingereza inayosajili wauguzi na wakunga, inakubali mitihani miwili. IELTS ni ya kila mtu, na nesi anatakiwa ile ya kitaaluma. OET ni ya watu wa afya pekee, ilitengenezwa Australia na iko na matoleo ya fani 12: wauguzi, madaktari, wafamasia, madaktari wa meno na wengine.

Kwa IELTS, NMC inataka 7 kwa kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwa kuandika. Kwa OET inataka daraja B, ambayo huanza na alama 350 kati ya 500, kwa hizo tatu za kwanza, na C+ kwa kuandika, yaani 300 kwenda juu.

Cheki vile OET iko ndani. Sehemu ya kwanza ya kusoma, unapewa maandishi manne mafupi, maswali 20, dakika 15. Dakika zikiisha, hiyo karatasi inaondoka. Kusikiliza, sauti inachezwa mara moja tu, hakuna kurudisha nyuma. Kuandika, unapewa noti za mgonjwa, dakika 5 za kusoma na 40 za kuandika barua ya maneno kama 180 hadi 200. Kuongea, unaigiza mara mbili: wewe ni nesi, mwenye anakutahini ni mgonjwa ama jamaa yake, na amekuja na hasira ama woga.

Sasa niambie, ni wapi hapo wanauliza kama unajua Kiingereza cha shule? Hii ni mbio. Hiyo barua kwa mfano. Nesi wa Kenya anaandika siku nzima, lakini anaandika kwa vifupisho na sentensi za nusu, juu zamu ina wagonjwa 30 na yeye ni mmoja. Mkono umezoea hivyo. Mtihani unataka barua kamili, yenye msomaji ataelewa kwa nini ameandikiwa tangu mstari wa kwanza, na unataka ujue ni noti gani za kuacha. Kuna watu huanguka kwa kuweka kila kitu. Mgonjwa ana kidonda cha sukari, wewe umeandika mpaka alitolewa tonsili akiwa mtoto.

Hiyo tabia ya mkono haibadiliki kwa wiki mbili. Ndiyo maana tarehe ni muhimu kushinda kitabu.

Matokeo yanaoza kama maziwa

Hii ndiyo sehemu ajenti wengi huruka. Kwa NMC matokeo ya IELTS ama OET yana miaka 2. Saa inaanza kuhesabu siku ya mtihani, haingoji siku ile umepata job. Baada ya hapo ni karatasi ya kufungia mandazi.

Tuseme kuna sista Nakuru. Ako na miaka 26, intanshipu amemaliza juzi, leseni bado inashughulikiwa, paspoti hana. Mtu anamwambia "fanya Kiingereza kwanza, hiyo ndiyo ngumu, ingine itajipa." Anafanya, anapita. Sherehe. Halafu paspoti inachukua wakati wake. Chuo kinachelewesha cheti cha alama. Baraza linataka malipo na fomu ndiyo lithibitishe usajili wake kwa wazungu. Mwajiri akimhoji anasema tunataka mtu wa uzoefu, rudi baada ya mwaka. Akiangalia nyuma, miezi 20 imeenda. Alipita mtihani vizuri sana, wakati usiofaa.

Na huko anakoenda pia milango inasonga. Baada ya miaka ya kuzoa manesi kutoka nje, Uingereza imepunguza kasi. Wageni wanaoingia kwa sajili ya NMC wamepungua sana ukilinganisha na miaka miwili mitatu iliyopita. Mpango wao wa afya wa miaka 10, uliotoka Julai 2025, unasema wanataka wafanyakazi wanaoajiriwa kutoka nje wawe chini ya asilimia 10 kufikia 2035. Mwezi huo huo walifunga visa ya walezi kwa watu wapya kutoka nje. Mlango wa nesi haujafungwa, lakini foleni imekuwa ndefu na mwajiri sai anachagua. Ukifanya mtihani leo ukitarajia kasi ya 2022, saa yako itakwisha ukiwa bado kwa laini.

Marekani ni hesabu ingine kabisa. Huko manesi wengi huingia kwa visa ya uhamiaji inayoitwa EB-3, na foleni yake imekuwa ikienda miaka miwili na zaidi. Ukifanya Kiingereza mwanzoni mwa hiyo foleni halafu ukaketi, kitaoza. Lakini kuna njia. Hao wanataka cheti kinachoitwa VisaScreen, na ndani yake ndiyo matokeo ya Kiingereza hukaa pamoja na masomo yako, leseni na mtihani wao wa NCLEX. Kiingereza kina miaka 2, VisaScreen ikishatoka ina miaka 5. Kwa hivyo msee mjanja hafanyi Kiingereza hadi hizo karatasi zingine ziwe karibu kukamilika, halafu anaziingiza zote pamoja. Mtihani ni ule ule, na kwa kuupangia wakati umeunyoosha kutoka miaka 2 hadi 5.

Kwa hivyo kabla uulize tarehe, uliza nchi. Mtu asiyejua anaenda wapi hana haja ya kubuku chochote.

Nani anakusukuma?

Hebu tuwe wakweli kuhusu presha. Hawa vijana hawakimbii bure. 2024 madaktari waligoma siku 56, kati ya Machi na Mei, na moja ya vita kubwa ilikuwa serikali kutaka kulipa madaktari wa intanshipu shilingi 70,000 kwa mwezi wakati mkataba wa 2017 ulikuwa unasema zaidi ya 200,000. Manesi wenye kandarasi za UHC wamekuwa barabarani wakidai kazi ya kudumu. Ukiwa huko ndani, kila siku unayokaa Kenya inakaa kama hasara. Kwa hivyo mtu akikwambia "kuna nafasi, lakini ni lazima ufanye mtihani mwezi huu," moyo unaruka.

Hapo ndipo uwe mkali. Ajenti hupata kitu ukibuku, ukilipia darasa, ukianguka na ukirudia. Wewe unapata kitu ukipita tu. Masilahi yenu hayako pamoja kwa hiyo tarehe. Mwajiri wa ukweli akikutaka atakwambia anataka uanze lini, na kutoka hapo unaweza kuhesabu kurudi nyuma. Mwenye anasema "haraka" bila kukuonyesha barua ya kazi, anauza haraka.

Halafu kuna presha ya pesa. OET peke yake ni zaidi ya dola 400. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni zaidi ya thao hamsini. Kwa nesi wa kandarasi hiyo haitoki kwa mfuko, inatoka kwa sacco, kwa chama ya mathe, kwa ng'ombe ya ocha. Na pesa ya kukopa ina tabia mbaya, inakuambia uitumie haraka kabla mtu augue ama fees ya mdogo wako iingie. Kwa hivyo watu hubuku siku pesa imefika badala ya siku wako tayari. Naelewa kabisa. Lakini ukianguka, hiyo thao hamsini haijapotea peke yake. Imeenda na imani ya watu waliokuchangia, na mara ya pili kuomba ni ngumu zaidi.

Sasa tarehe unachagua aje?

Hii ndiyo njia ya kuhesabu. Chukua karatasi.

Kwanza, andika nchi na bodi yake. Kisha andika kila karatasi wanataka na uweke alama kwa zenye tayari ziko mkononi: paspoti, leseni ya baraza, cheti cha alama, barua ya tabia njema. Kama nusu haiko, songesha hizo kwanza. Zinachukua muda lakini nyingi haziozi haraka kama Kiingereza. Wakati zinatembea, wewe unasoma.

Pili, pima uwezo wako kabla ya kulipa. Chukua mtihani kamili wa majaribio, OET wana sampuli za bure kwa tovuti yao, na uufanye wote kwa mkao mmoja na saa ikikimbia, bila simu, bila chai. Rudia wiki ingine na sampuli tofauti. Na ya tatu. Ukivuka alama inayotakiwa mara tatu, na nafasi kidogo juu yake, uko tayari. Kuvuka mara moja kwa nywele ni bahati. Barua na kuongea haviwezi kujisahihishia, tafuta mtu amepita akusomee bila huruma.

Tatu, angalia ratiba ya zamu. Hii watu hudharau. Mtu anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, anaingia kwa chumba cha mtihani saa tatu, halafu anashangaa kwa nini ile sauti ya kusikiliza ilimpita. Omba siku za likizo mapema, angalau tatu kabla ya mtihani. Ukitoka Lodwar ama Mandera, siku ya basi isiwe siku ya mtihani. Lala mjini kwa binamu ama kwa rafiki.

Nne, hesabu siku za matokeo. IELTS ya kompyuta hutoka kwa siku chache. OET huchukua wiki mbili tatu hivi. Kama kuna dedilaini ya kweli, rudi nyuma kutoka hapo, weka wiki za matokeo, halafu weka nafasi ya kurudia mara moja. Tarehe yenye haiachi nafasi ya kurudia si tarehe, ni kamari.

Tano, usibuku mtihani wa kwanza kama hauna pesa ya wa pili, hata nusu yake. Inakaa kama ni ngumu, lakini mtu anayejua ako na nafasi ya pili huketi akiwa ametulia. Mwenye shamba la familia liko kwa hiyo karatasi hutetemeka.

Ukianguka, usirudi kesho

Matokeo yakija mabaya, kuna watu hubuku tena siku hiyo hiyo wakilia. Tulia, soma namba.

Ukikosa kidogo kwa sehemu moja, rudi mapema wakati mwili bado umezoea. NMC inakuruhusu kuunganisha matokeo ya mikao miwili kama yako ndani ya miezi 12, kila mkao ukiwa umefanya sehemu zote nne. Kwa IELTS, hakuna mkao unaofaa kushuka chini ya 6.5 kwa kusoma, kusikiliza ama kuongea, ama chini ya 6 kwa kuandika. Zamani dirisha lilikuwa miezi 6, wakaongeza 2023. Kwa hivyo ukipata 6.5 kwa kusoma na zingine zote uko sawa, hauko mbali kama unavyodhani. Mkao wa pili, kazi kubwa ni hiyo moja kuvuka bila zingine kuanguka chini ya mstari.

Lakini ukikosa kwa mbali, kwa mfano 250 mahali wanataka 350, wiki tatu hazitakusaidia. Hiyo ni miezi. Weka doh kwa sacco, soma, fanya majaribio, urudi ukiwa mtu mwingine. Kurudia haraka bila kubadilika ni kulipia jibu lenye tayari unalo.

Na serikali je?

Ile 10 kati ya 300 ilipotoka, maneno mengi yalielekezwa kwa manesi. Wachache waliuliza upande wa pili: ukipanga mkataba wa kupeleka wafanyakazi, mbona mtihani usipangwe kama sehemu ya mkataba? Ungeweza kuwapima watu kwanza na majaribio, upeleke wenye wako tayari, na wengine uwape miezi sita na mtu wa kuwafundisha barua na maigizo. Pia hospitali ingeweza kumpa nesi siku tatu za kulala kabla ya mtihani. Hiyo haihitaji bajeti ya bilioni. Inahitaji mtu mmoja mwenye kalenda.

Sai tuna mikataba mingine. Septemba 2024 Kenya iliweka sahihi na Ujerumani, na huko nesi ataulizwa Kijerumani, ambacho hakuna mtu amekisikia kwa wodi ya Kakamega. Kama bado tutatangaza namba kwanza na kuwaza mtihani baadaye, tungoje kicheko kingine.

Lakini hauwezi kungoja serikali ijifunze kuhesabu. Wewe tayari unajua kuhesabu matone ya drip kwa dakika, dozi ya mtoto kwa kilo, masaa kati ya dawa na dawa. Ukimpa mgonjwa dawa sahihi saa isiyofaa, unajua kinachotokea. Huu mtihani pia ni hivyo. Tafuta nchi, songesha karatasi, jipime mara tatu, halafu ndiyo ufungue kalenda.